Nani Kasema Maharage ni Adhabu?

Hapa Dar es Salaam mtu akitaka kukudharau bila kukutukania mzazi, anachungulia sahani yako halafu anauliza: "Leo tena maharage?" Basi. Haongezi neno. Wote mliokaa kwenye benchi la mama ntilie mmeshaelewa kwamba umechacha, kwamba mshahara umekatika, kwamba maisha yamekupiga mweleka. Na wewe badala ya kumjibu unajichekesha: "Ah, si unajua tena bwana, mwisho wa mwezi." Yaani unaomba radhi kwa kula! Mimi nimechoka na radhi za namna hiyo, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nijitambulishe kwanza, ndugu msomaji, ujue unabishana na nani. Mimi ni kijana wa Tandika. Nimepanga chumba kimoja, napikia jiko la gesi la mtungi mdogo, na usiku naandika hadithi fupi ambazo nyingine mmezisoma na nyingine wahariri wamezitupa. Kwa miaka sita sasa sili nyama, sili samaki, sili yai, sinywi maziwa, na asali nawaachia nyuki walioihangaikia. Waingereza wana jina la mtu wa namna hiyo, vegani. Neno hilo lilizaliwa kwao mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipotaka kujitofautisha na wale walioacha nyama lakini wakabaki na maziwa na mayai. Jina basi ni la Waingereza. Chungu ni changu, na kilichomo ndani kilipikwa na bibi yangu kabla hajamwona Mwingereza yeyote.

Tangu nianze maisha haya naulizwa maswali matano, yale yale kila siku. Umeokoka? Umekuwa Rasta? Unaumwa? Mganga kakukataza? Umeishiwa? Jamani, katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la maana: "Unapika nini?"

Hoja yangu ni moja. Sisi vijana wa mjini hatukuyakataa maharage, mbaazi na kunde kwa sababu ni vyakula vibaya. Tumefundishwa kuvionea aibu. Na aibu hiyo tunailipia kwa fedha zetu na afya zetu, wakulima wetu wanailipia shambani, na wanyama wanailipia kwa shingo zao.

Hebu tuchunguze aibu yenyewe tuliipata wapi. Wengi wetu tulikutana na maharage ana kwa ana katika shule ya bweni. Yalitoka kwenye pipa, yakaelea kwenye maji ya rangi ya udongo, na wadudu wake juu kama abiria. Hayakuchambuliwa, hayakulowekwa, kitunguu yalikisikia kwa jina tu. Tuliyala Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka tukaapa kwamba siku tukipata kazi hatutayagusa tena. Aliyekwenda jeshini kwa mujibu wa sheria akayakuta kambini. Aliyepatwa na balaa akayakuta gerezani. Kila mahali ambapo mtu hana hiari, maharage yapo yanamsubiri. Basi akili ikayafunga pamoja: kukosa uhuru na kula maharage.

Lakini niambie, kosa ni la maharage au la mpishi? Chukua nyama hiyo hiyo unayoiabudu, itose kwenye pipa la maji bila kitunguu, bila nyanya, bila tangawizi, ichemshe mpaka ichoke, halafu wape watoto mia nane kila siku kwa miaka minne. Wakitoka hapo utawasikia wanasema nini juu ya nyama. Sisi tumemhukumu mshtakiwa bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Mtaa nao ukatia chumvi. Mnaujua ule msemo wa maharage ya Mbeya, maji mara moja. Maharage hayo yalisifika kwa kuiva upesi, na kwa mama anayehesabu mkaa wake kipande kwa kipande hiyo ni sifa kubwa kupita zote. Masela wakaichukua sifa hiyo wakaigeuza tusi la wasichana. Angalieni kazi iliyofanywa na maneno machache: kamtukana mwanamke, kamtukana mkulima, kaitukana na mboga, na bado watu wanacheka.

Sasa tuje kwenye lile swali linaloulizwa kwa kutunisha kifua: "Wewe nguvu utapata wapi?" Mtaani kwetu kuna kiwanja cha kunyanyua vyuma, navyo si vyuma bali makopo ya saruji yaliyounganishwa kwa bomba. Vijana wa pale wananihurumia sana. Wanaamini kwamba protini inatembea kwa miguu minne, na isipotembea kwa minne basi inataga. Nawajibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu haina ushabiki.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, FAO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walitoa ripoti inayosema mtu mzima anahitaji gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 basi anahitaji gramu 50 tu. Anayenyanyua saruji anahitaji zaidi; tumpe hata mara mbili, sibishi. Sasa ingia sokoni. Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 22 hivi. Mbaazi vivyo hivyo. Choroko na kunde zinafika 24, dengu 20, karanga 25. Zile mbegu za maboga tunazozitupa pamoja na maganda zinafika 30. Soya yenyewe inakaribia 36. Na nyama ya ng'ombe mbichi, steki isiyo na mfupa wala mafuta, ni gramu 21 au 22.

Utasema nafanya ujanja, kwamba maharage yakipikwa yanafura kwa maji wakati nyama inasinyaa. Kweli kabisa, na sikufichi: gramu 100 za maharage yaliyoiva zina protini gramu 8 au 9, na za nyama iliyoiva zinapita 25. Lakini kwani nani anakula gramu 100 za maharage yaliyoiva akasema ameshiba? Hicho ni kikombe cha mtoto. Na kwa upande wa pili, nani kati yetu anapewa gramu 100 za nyama iliyoiva kila mlo? Kwa mama ntilie unapata vipande viwili, kimoja mfupa, na mchuzi wa kuogelea. Unakula sifa ya nyama, nyama yenyewe hujaiona.

Tukija kwenye fedha ndiyo kabisa. Bei zinapanda na kushuka, lakini fedha ya kilo moja ya nyama sokoni inakununulia kilo mbili na ushee za maharage, mara nyingi tatu. Kilo tatu za maharage zina protini zaidi ya gramu 600. Kilo ya nyama, hata ukisahau mfupa, ni gramu 200 na kidogo. Hesabu hiyo anaifanya mtoto wa darasa la nne, ila aibu haijui kuhesabu.

Nikupe siku yangu moja ya kawaida. Asubuhi uji wa ulezi na karanga za kusaga, vijiko viwili vilivyojaa. Mchana wali na maharage, kile kiasi kinachotokana na gramu 100 za maharage makavu. Jioni ugali wa dona, choroko za kitunguu, na mchicha uliotiwa karanga. Nikijumlisha kwa ubahili napata gramu 65 au zaidi. Hapo sijaongeza kitu chochote cha dukani, na shati la mwaka juzi bado linanibana mabegani.

Kuna msomi mmoja kila mtaa ambaye hapa atainua kidole: "Protini ya mimea haijakamilika." Amesoma nusu ya ukurasa. Ni kweli kwamba mahindi na mchele vina upungufu wa kitu kinachoitwa laisini, na jamii ya kunde ina upungufu wa kingine kinachoitwa methionini. Lakini laisini ambayo mahindi hayana, maharage yanayo kwa wingi. Na methionini ambayo ni haba kwenye maharage, mahindi yanayo. Weka vyote viwili katika siku moja, kazi imekwisha. Si lazima hata viwe katika mlo mmoja. Sasa mahindi na maharage katika chungu kimoja ni kitu gani kama si makande? Wapare tumewatania kwa makande yao miaka nenda rudi, kumbe walikuwa na jibu la mtihani mezani. Wakikuyu wana githeri, watu wa pwani wana wali na kunde za nazi. Bibi zetu hawakujua neno laisini, walijua mtoto aliyekula makande hashindi analia njaa.

Aibu hii, ndugu zangu, haiishii kwenye sahani ya mtu mmoja. Inafika mpaka shambani, na ushahidi ninao. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazolima mbaazi nyingi katika Afrika. Zinalimwa Lindi na Mtwara, zinalimwa Babati kule Manyara, na sehemu kubwa inalimwa kwa kutegemea chungu cha India. Agosti 2017 India, baada ya kuvuna nyingi za kwake, iliweka kikomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Bei huku kwetu ikaanguka kama jiwe. Wakulima waliokuwa wamepanga ada za watoto na mabati ya nyumba wakabaki wanayatazama magunia. Baadaye mlango ukafunguliwa tena, mwaka 2021 India iliruhusu mbaazi kuingia bila kikomo, na sisi tukarudi kwenye usingizi wetu.

Mimi naona tuliaibika pale, tena sana. Nchi nzima, mamilioni ya midomo, ilikuwa na rundo la protini ya gramu 22 kwa kila gramu 100, kwa bei ya kutupa, na vijana wa Dar wakaendelea kupanga foleni ya chipsi kuku. Hatukuwa na njaa ya mbaazi kwa sababu hatukuwa tumefunzwa kuzitamani. Mkulima wa Ruangwa au Nachingwea akiwa na mteja mmoja tu ng'ambo ya bahari, mteja huyo akipiga chafya yeye anaugua. Angekuwa na wateja Tandika, Manzese na Mbagala, India wangefunga mlango na yeye akauza kwetu. Ukila mbaazi kwa hiari, unamnunulia mkulima wako usalama.

Wako pia jamaa wa upande wangu ambao lazima niwaseme, kwa maana wananiharibia. Hawa wanaishi maisha ya mimea kwa gari. Maziwa yao ni ya lozi, yametoka Ulaya kwa meli. Soseji yao ni ya mimea, imelala kwenye barafu ya duka kubwa la Masaki. Protini yao ni unga wa kopo wenye picha ya mtu aliyevimba. Ukiwaambia kunde wanashangaa, wanafikiri ni majani ya mbuzi. Watu hawa ndio wanaowafanya washikaji waamini kwamba kuacha nyama ni mchezo wa wenye nazo. Mshikaji, usidanganyike. Dengu zinazolimwa Kanda ya Ziwa na karanga za Dodoma zilikuwepo kabla ya kopo. Bei ya kopo hilo ingekulisha mwezi mzima.

Hata hivyo sitaki unifuate kama kipofu. Kipo kitu kimoja ambacho mimea haina, nacho ni vitamini B12. Mtu asiyekula chochote cha mnyama lazima aipate kwa vidonge, au kwa chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Vidonge vinauzwa duka la dawa, mimi nameza, na anayekwambia jua la asubuhi linatosha anacheza na mishipa yako ya fahamu. Madini ya chuma yapo kwenye maharage na mboga za majani, ila yanahitaji msaada: kamulia limau, au kula chungwa baada ya mlo. Na ile chai ya rangi uisubirishe walau saa moja, maana inayazuia madini hayo yasiingie mwilini. Madini ya chokaa utayakuta kwenye ulezi, gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300, mara mbili na nusu ya maziwa. Karanga zilizovunda au kuota ukungu tupa bila huruma. Sumukuvu si hadithi, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Sasa nafika mahali ambapo wengi huniacha njiani. Wanasema, "Sawa, maharage tumekubali. Lakini kwa nini usile na nyama kidogo? Unamwogopa nani?" Simwogopi mtu. Nina macho tu. Kila asubuhi napishana na pikipiki zilizobeba kuku waliofungwa miguu, vichwa chini, midomo wazi, na jua limeshaanza kuwaka. Kuku wa kisasa wa nyama anachinjwa akiwa na wiki tano au sita. Wiki sita! Simu yako ina umri kuliko yeye. Ng'ombe wanapakiwa kwenye malori kutoka mikoa ya kati na Kanda ya Ziwa mpaka mnada wa Pugu, wamesimama, wamebanana, aliyeanguka anakanyagwa. Mayai nayo yana siri yake: vifaranga madume wa kuku wa mayai hawatagi na hawanenepi haraka, kwa hiyo katika nchi nyingi viwanda vya kutotolea huwaua siku ile ile wanayoanguliwa. Kama ningekuwa sina njia nyingine ya kuishi ningenyamaza. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee, na walisema kweli. Lakini mimi njaa yangu imeshashibishwa na gramu 65. Baada ya hapo kilichobaki ni utamu, na mimi sioni kwamba utamu wa dakika kumi unanipa haki ya shingo ya kiumbe mwingine.

Msinisingizie, tafadhali. Simwandikii Mmasai wa Longido ambaye ardhi yake inaotesha majani na kukataa kunde. Simwandikii mama mjamzito aliyeshauriwa na mkunga ale yai, wala sikuagizi umwachishe mtoto mchanga chochote bila ushauri wa kliniki. Sigombani na Idd ya mtu wala Krismasi ya mtu. Dini zetu zimeruhusu nyama, lakini ruhusa si amri ya kila siku. Namwandikia kijana mwenzangu wa mjini, mwenye soko mita mia mbili kutoka mlangoni, anayesema hana njia.

Wala usiniambie kukataa mnyama ni uzungu. Buhaya na Buganda zipo koo nyingi zenye mnyama wake au samaki wake zisiyemla, na koo hizo hazijafa. Wakristo wa Kanisa la Tewahedo kule Ethiopia wanafunga nyama, maziwa na mayai siku zipatazo 180 kwa mwaka, na mezani wanaweka shiro, rojo la unga wa dengu lenye viungo, ukilionja utauliza nyama ni ya nini. Rasta wana chakula chao cha ital. Na ninyi washairi mnaojidai kuijua historia ya ushairi, mmesahau al-Ma'arri? Mshairi kipofu wa Syria, aliyefariki mwaka 1057, aliacha nyama, samaki, maziwa, mayai na asali, akaitetea imani yake hiyo kwa shairi, na mkubwa mmoja wa Kifatimi alipomwandikia barua za kumhoji juu ya chakula chake, alimjibu. Miaka elfu moja iliyopita, Mwarabu, tena mtu wa kalamu. Uzungu uko wapi hapo?

Basi nipishe jikoni, maana hoja isiyopikwa haishibishi. Maharage kwanza yachambue. Yaloweke usiku kucha, na maji hayo uyamwage. Hapo ule upepo wa tumboni mnaonitania nao umeshapungua. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi ndipo upunguze moto, maana maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya asili inayotapisha. Magadi yaache kama unaweza, yanalainisha kweli lakini yanaua vitamini B1. Nyanya usitie mapema, itayagomesha yasiive. Yakishalainika ndipo unakaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya kahawia, kitunguu saumu, tangawizi, karoti, nyanya, pilipili hoho, unamimina maharage yako na kuponda mengine kwa mwiko ili rojo liwe zito.

Mbaazi za nazi: chemsha mbaazi zilizolowekwa mpaka ziive kabisa. Tia tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu, manjano na pilipili nzima, zitokote. Mwishoni tia tui la kwanza, koroga taratibu bila kuacha, lisikatike, chumvi, epua. Kula na mahamri ya nazi na iliki, ambayo hayana yai wala maziwa. Mombasa na Zanzibar wanaamka na chakula hiki na hakuna anayewaita maskini.

Kisamvu kitwange vizuri, kichemshe kwa muda mrefu bila kufunika ili sumu ya muhogo itoke, kisha mimina karanga zilizosagwa. Na kwa wale wa makopo ya saruji, tafuteni nyama ya soya, vile vipande vikavu. Gramu 100 zina protini kama 50. Loweka kwenye maji moto, kamua sana, tia limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, acha saa mbili, choma kwenye vijiti kama mishikaki. Nimewapelekea pale kiwanjani sinia zima. Waliponiuliza ni nyama gani nikanyamaza mpaka sinia likaisha.

Namalizia na ninyi waandishi wenzangu, kwa maana kesi yetu ni nzito kuliko ya wengine. Chukua rundo la hadithi zetu vijana, zilizochapwa na zilizolala mvunguni. Mhusika akiwa hana kazi, anakula maharage. Mhusika akipata kazi, yuko baa na sinia la nyama choma na ndizi. Mchumba akitaka kuvunja uchumba, anamkuta kijana anapepeta kunde. Tumeyageuza maharage kuwa mhuri wa kugonga umaskini, kwa sababu ni rahisi na mhariri hatauliza. Halafu tunalalamika kwamba jamii inadharau vya kwake! Sisi ndio tunaoipa jamii maneno ya kudharaulia.

Mimi nadai hadithi moja tu. Hadithi ambayo mtu mwenye fedha, mwenye furaha, mwenye mgeni anayempenda, anapika mbaazi za nazi kwa kuwa mbaazi za nazi ni tamu, na mwandishi hatoi maelezo wala haombi radhi. Atakayeiandika nitampikia.

Na anayeona nimekosea aje na hoja yake, na gramu zake azipime kwanza. Kurasa zipo.